Muulize Mama Muuguzi: Kamba, stoo yenye kufuli na mtu aliyekaliwa mgongoni

Toleo lililopita kijana mmoja aliuliza kama ni halali kumfunga kamba ndugu aliyechanganyikiwa. Nikamjibu kwa mistari miwili kwamba kumzuia mtu ni kwa zile dakika za hatari tu, na kamba haimo kabisa. Kumbe nimetia mkono mzingani. Meseji zimemiminika kutoka Nyakato, Igoma, visiwani, mpaka Marekani. Wengine wananiuliza, wengine wananisuta kwamba mimi sijawahi kukimbizwa na mtu mwenye panga. Kwa wageni wa ukurasa huu: nimekuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili hapa Mwanza mpaka nilipostaafu, sasa nafuga kuku Buswelu na kuwajibu nyinyi. Nimekimbizwa, tena si na panga peke yake. Nimechagua barua nne na kuzifupisha.

Shikamoo Mama. Mimi ni mhudumu mgeni katika kituo cha vijana wenye ulemavu wa akili, Ilemela. Tuna kijana wa miaka 19 mwenye usonji, anaongea maneno machache tu. Akichafukwa anarusha sahani, anajigonga kichwa ukutani, na mara nyingine anauma. Utaratibu niliokuta ni wanaume watatu kumlaza kifudifudi, mmoja anamkalia mgongoni mpaka achoke, halafu anaingizwa stoo na kufungiwa kwa kufuli hadi jioni. Nilipouliza nikaambiwa ndivyo anavyotulia. Je, ni sahihi? Na nikikataa si nitafukuzwa? (Mhudumu, Ilemela)

Marahaba mwanangu. Nianze na la mgongoni, maana hilo halisubiri hata zamu yako ya kesho.

Mtu akilazwa kifudifudi na akawekewa uzito mgongoni, mbavu zinakosa nafasi ya kutanuka. Tumbo nalo linabanwa sakafuni, kwa hiyo ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, ambao ndio unaovuta hewa, haupati pa kushukia. Wakati huohuo anapambana, moyo unakwenda mbio na mwili unadai hewa mara dufu. Atajikunja ainue kifua apate pumzi, na nyinyi mlio juu yake mtaona anazidi ukaidi, mtaongeza uzito. Kisha anatulia. Wewe uliye mgongoni uso wake huuoni, utajuaje kama amepoa au anakata roho? Aliye mnene, mwenye pumu au ugonjwa wa moyo, aliyetoka kula sasa hivi, aliyekunywa pombe au dawa ya usingizi, hao hukata roho upesi zaidi. Na lile neno la walinzi, eti akiweza kuongea basi anapumua, lisahauni. Mtu akisema anakosa pumzi, mwachieni palepale.

Sasa, kituo chenu kimeweka mambo matatu kapu moja. Kurusha sahani ni hasara, si hatari. Sogezeni wenzake, ondoeni vyombo, kesho mpeni sahani ya plastiki, mambo yaishe. Kujigonga kichwa ni hatari kwa mwili wake, na hapo mna haki ya kuingilia, ila kuingilia hakuanzi na kumkamata: wekeni mto, godoro lililokunjwa, hata kiganja chako kati ya kichwa na ukuta. Akikuuma mkono usiuvute, utachanika. Usukume polepole kuelekea mdomoni mwake, taya litalegea. Hili nimelifanya kwa mkono wangu huu.

Ikibidi kushika, yaani mto umeshindwa na anaumia au anaumiza mtu, mshikeni akiwa amesimama au ameketi. Akienda chini mwenyewe mgeuzeni ubavu. Shikeni mkono juu kidogo au chini kidogo ya kiwiko, si kwenye kiungo chenyewe; shingo, kifua na mgongo haviguswi. Mtu mmoja asishike chochote, kazi yake ni kutazama uso, rangi ya midomo na pumzi, na akisema "acheni" wote waache, hata awe ndiye mdogo kuliko wote kazini. Aongee mmoja tu, kwa sauti ya chini na maneno machache. Watazamaji watoke. Nimeona ugomvi ukirefushwa na kundi la watu wanaopiga kelele "mshike, mshike" kuliko na mgonjwa mwenyewe. Hatari ikikoma mnaachia, hata kama hajaomba radhi, hata kama bado ananuna.

Stoo yenye kufuli hainihitaji niieleze sana. Hiyo ni adhabu, hata kama mmeibandika jina la kutuliza. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu ya kumtweza na kumdhalilisha. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao, ambao unakataza mtu kunyang'anywa uhuru wake kwa sababu tu ana ulemavu. Angekuwa chini ya miaka 18 ningekutajia na Sheria ya Mtoto ya 2009 na ile namba ya simu ya bure ya watoto, 116. Chumba cha utulivu ni kitu kingine: mlango wazi, mkeka, mhudumu karibu, na kijana anatoka akitaka.

Lakini hayo yote ni ya dakika ya mwisho. Swali ambalo hujaniuliza, na ndilo ningependa mliulize kituoni, ni kwa nini anachafukwa. Mtu asiyeongea anaumwa kama sisi. Jino, sikio, choo kigumu, njaa, kuwashwa. Wodini nilikuwa na kijana aliyekuwa akibamiza kichwa kila baada ya chakula cha mchana, tukampandisha dozi, tukampandisha tena, mpaka mpishi, si daktari, akasema mbona huyu anatafuna upande mmoja. Gego lilikuwa limeoza mpaka mzizi. Liling'olewa, na baada ya hapo tulianza kupunguza dawa. Basi andikeni: saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, nini kilitangulia, kelele gani, alikula lini. Wiki mbili za daftari la namna hiyo zitawaambia mengi kuliko watu watatu wenye misuli.

Daftari hilohilo litumike kila mnapomshika: nani alishika, sehemu gani, kuanzia saa ngapi hadi ngapi, mlijaribu nini kabla, alikaguliwa na nani baadaye na alikutwa na jeraha gani. Mzazi apigiwe simu siku hiyohiyo. Na kesho yake mkae mzungumze, pamoja na kijana mwenyewe kwa namna anayoweza.

Kufukuzwa? Siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa. Usianze kwa kugomba. Mwambie msimamizi kwamba unaogopa siku mtoto wa watu atakapofia mikononi mwenu, na kwamba polisi hawatamuuliza yeye aliyekuwa ofisini, watawauliza nyinyi mliokuwa mmemkalia. Hoja hiyo huwa inasikika. Isiposikika, Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anapatikana, nenda ukiwa na tarehe na saa ulizoandika.

Shikamoo Mama Muuguzi. Mwanangu wa kiume, miaka 26, nilimpeleka mwenyewe soba hausi, nyumba ya kuwaachisha waraibu, kwa sababu ya unga (heroini) na gongo. Siku ya tatu nilienda kumwona, nikamkuta amefungwa mnyororo mguuni kwenye nondo ya dirisha, anatetemeka na anaongea na watu ambao hawapo. Wakaniambia ni arosto, ikiisha watamfungua, na kwamba nilisaini fomu ya kuwaruhusu. Ni kweli nilisaini. Nifanye nini? (Mama, Igoma)

Marahaba. Kama unaisoma hii na bado yuko vile, funga simu uende sasa, utaimalizia baadaye. Kutetemeka na kuona watu ambao hawapo siku ya tatu si arosto ya unga. Hiyo ni pombe inayomtoka mwilini, na inaua.

Nieleze, maana wengi huzichanganya. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili uliozoea kukosa unga, huanza ndani ya siku moja tangu alipotumia mara ya mwisho, inapamba moto siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida wiki ikiisha imepungua sana. Mtu anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, analia usiku kucha. Ni mateso, lakini anachohitaji zaidi ni maji, chumvichumvi, dawa za kumpunguzia na mtu wa kukaa naye. Pombe ina njia yake. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla, siku ya kwanza anatetemeka, kati ya hiyo na ya pili anaweza kuanguka kifafa, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne akili inaweza kuvurugika kabisa, joto likapanda, moyo ukaenda mbio. Huyu anatibiwa hospitalini kwa dawa za jamii ya dayazepamu, vitamini B1 na maji ya mshipani. Mnyororo haupunguzi chochote katika hayo. Unachofanya ni kumzuia asifike kwa wanaojua.

Kuhusu fomu, usijilaumu na usiiogope. Unaweza kusaini kwamba mwanao atunzwe. Huwezi kusaini kwamba mtu mzima afungwe minyororo, haki hiyo si yako kuitoa. Na kama mwenye nyumba anasema mnyororo ni kwa usalama wake, mwulize moto ukiwaka funguo anazo nani. Mwaka 2001 huko Erwadi, jimbo la Tamil Nadu nchini India, moto uliwaka alfajiri katika nyumba ya wagonjwa wa akili waliokuwa wamefungwa minyororo vitandani. Wakafa 28.

Nenda na ndugu mwanaume na, ukiweza, Afisa Ustawi wa Jamii au mwenyekiti wa mtaa. Mchukue, mpeleke hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure, uwaambie wazi amekuwa akitumia nini na mara ya mwisho ilikuwa lini. Usifiche gongo kwa aibu, maana daktari atatibu kile ulichotaja. Akishatulia, uliza kliniki ya methadoni ya Sekou Toure. Pale mraibu wa heroini anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, na analala nyumbani kwake. Soba hausi nzuri zipo, nimepeleka watu huko wakapona. Ile nzuri itakuonyesha usajili wake bila kununa, itakuambia nani ana taaluma ya afya na anakuja lini, na itakuruhusu kumwona mwanao bila miadi.

Neno moja la tahadhari. Akitoka baada ya wiki kadhaa bila unga, mwili umesahau. Akirudia kipimo chake cha zamani hata mara moja, pumzi inaweza kukata. Mwambie yeye mwenyewe, na uwaambie marafiki zake wa kijiweni, hata kama huwapendi.

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Nyegezi, niko Minnesota, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza watu wenye ulemavu. Juzi mkazi mmoja alivunja televisheni, mimi nikamshika mikono. Nikapewa onyo na kurudishwa mafunzoni: eti televisheni si dharura. Naona Wazungu wanazidisha. La pili, nyumbani Sengerema baba mdogo ana ugonjwa wa akili, ndugu wanataka nitume hela za kujenga chumba chenye mlango wa chuma. Nitume? (Kijana wa Nyegezi)

Marahaba mwanangu, pole na baridi. Onyo ulistahili, lakini nitakueleza kwa nini.

Mpwa wangu anafanya kazi kama yako jimbo hilohilo, ndiyo maana sheria iliyokuletea onyo naijua. Ni sura ya 245D ya sheria za Minnesota. Inasema kumshika mtu kwa mikono kunaruhusiwa tu pale anapokaribia kujiumiza au kumwumiza mwingine mwilini, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kuleta usalama. Kuharibu mali peke yake si dharura. Matusi peke yake si dharura. Kukataa dawa au ratiba peke yake si dharura. Kumlaza kifudifudi hakuruhusiwi, hatari ikikoma unaachia, mwakilishi wake wa kisheria anaarifiwa ndani ya saa 24, na kituo kinapitia tukio zima ndani ya siku 5 za kazi. Kumbe ni yaleyale niliyomwambia mhudumu wa Ilemela hapo juu, ila wenzetu wameyatia kwenye sheria yenye namba.

Na usidhani waliamka siku moja wakiwa wapole. Mwaka 1998 gazeti la Hartford Courant lilichapisha uchunguzi wake: vifo 142 katika miaka kumi, nchi nzima, vya watu waliokuwa wameshikwa au kufungiwa katika hospitali na vituo vya kutunzia. Hukohuko Minnesota, mwaka 2008, ofisi ya serikali inayosikiliza malalamiko ya watu wenye ulemavu ilitoa ripoti kuhusu kituo cha jimbo kilichokuwa mji wa Cambridge. Wakazi walikuwa wakifungwa pingu mikononi na vyuma miguuni, wengine kwa makosa ya kitoto kabisa. Familia zikaenda mahakamani, na mwaka 2011 jimbo likakubali kulipa na kubadili mwenendo. Hilo onyo lako limetoka huko.

Hospitalini huko nako, kanuni za shirikisho la Marekani zinataka agizo la kumzuia mgonjwa aliyechachamaa lisizidi saa 4 kwa mtu mzima, saa 2 kwa wa miaka 9 hadi 17, na saa 1 kwa mdogo zaidi. Na ndani ya saa 1 mtaalamu awe amekuja kumwona kwa macho yake. Hapo nina manung'uniko yangu. Ukimwambia mtu "isizidi saa nne", hiyo saa nne ataifanya ndiyo kawaida. Wodini tulikuwa tukisema dakika, na bado watu walichelewa kufungua kwa sababu ya chai.

Kuhusu baba mdogo: usitume hela ya mlango. Mlango ukishakuwepo utatumika, kwanza akichachamaa, kisha wageni wakija, kisha wakati wa kupalilia shambani kwa sababu hakuna wa kubaki naye. Hela hiyohiyo itumie kwa nauli ya kliniki kila mwezi na dawa zisikatike. Kama anasahau vidonge, waulize daktari kuhusu sindano ya kila mwezi. Halafu ukija likizo, mkae naye siku aliyo na akili zake. Yeye ndiye anayejua dalili zinazomtangulia. Huenda ni kukosa usingizi siku mbili, huenda ni kuanza kufunga redio kwa nguo. Mwulize anamsikiliza nani nyumbani, nani akija anazidi kuchafuka, apelekwe wapi na kwa gari la nani. Mapanga na mashoka yakae kwa jirani tangu dalili ya kwanza. Mkubaliane pia nani atashika mkono gani ikibidi, na mwambieni yeye mwenyewe. Nimeona wagonjwa wakichagua: "fulani anishike, fulani asinisogelee." Mkifuata chaguo hilo, nguvu mtakayotumia itapungua nusu.

Dada muuguzi, habari za siku. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria visiwani. Mara kwa mara naletewa mgonjwa amefungwa manila mikono na miguu, amelazwa chini ya boti kama gunia la dagaa, wanampeleka hospitali. Nikikataa wananiona sina utu. Nikikubali roho inaniuma. (Nahodha, Ukerewe)

Salama kaka, pole na maji. Kataa kamba, usimkatae mgonjwa.

Sisi wa ziwa hili hatuhitaji kuelezwa boti inaweza kufanya nini. MV Bukoba ilizama 1996, MV Nyerere ikazama 2018. Aliyefungwa mikono na miguu hana hata ile nafasi ndogo ya kushika ubao. Na hata kama ziwa ni shwari, manila inakata. Ikikaza kwenye kifundo cha mkono au juu ya kiwiko kwa saa kadhaa, mshipa wa fahamu unaumia na mkono unalegea, kiganja kinaning'inia, miezi inapita. Nimepokea wagonjwa waliopona akili wakabaki na mkono usioweza kushika nyavu.

Kabla hajapakiwa, wapitie zahanati. Si kila anayeweweseka ana ugonjwa wa akili: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, kichwa kilichopigwa, vyote humfanya mtu apige na kutukana. Sukari hupimwa kwa tone la damu, malaria vilevile. Kama amechachamaa sana, mhudumu wa zahanati ampe dawa ya kutuliza kwa kipimo kinachofaa na asafiri naye akihesabu pumzi zake, maana sindano kubwa juu ya tumbo la gongo inaweza kumlaza asiamke. Msubiri ifanye kazi ndipo mwondoke. Usivushe usiku kama asubuhi inaweza kungojewa.

Botini avae jaketi la kuokolea kabla hujawasha injini. Akae katikati, si ukingoni, ndugu anayemwamini upande huu na mwingine upande ule, mikono yao imeshika yake. Abiria wengine wapungue, na mzaha uishie gatini. Akianza kusimama, punguza mwendo, usipige kelele. Akianguka kifafa humohumo, mgeuzeni ubavu, wekeni nguo chini ya kichwa, msimkandamize na msimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura, piga simu hospitali wakusubiri gatini.

Na ukishamfikisha, waulize ndugu nauli ya kumrudisha wameiacha kwa nani. Wengi huondoka na boti ileile ya jioni, na mgonjwa aliyepewa ruhusa anakaa wodini wiki nzima akisubiri mtu wa kumfuata. Ukiweza kumrudisha kwa mkopo, mrudishe. Namba ya mwenyekiti wa kijiji chao ichukue siku ya kwanza, kabla hawajashuka.